Damu ya Mama, barabara ya Moi's Bridge na mstari mmoja wa programu

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nikihangaika na majibu ya maabara ya mama yangu, na nilipomaliza hayo nikaanza kuhangaika na programu niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe. Leo nawasimulia yote mawili, na katikati itabidi tupite kwenye historia ya maabara za kemia za hospitali, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Ni ndefu kidogo. Weka chai kando.

Kwanza mahali. Moi's Bridge iko kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Ukitoka Eldoret unapita Soy, unapita Matunda, kisha unafika kwenye maghala ya mahindi na daraja la mto Nzoia. Zamani paliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Cecil Hoey, na wazee wengine hawajaliacha jina hilo. Mama anaishi hapo. Ana sukari, ana presha, ana ng'ombe wawili na maoni kuhusu kila kitu. Mimi naishi Eldoret, kazi yangu kuandika programu.

Jumanne moja asubuhi Mama alitolewa damu katika kituo kimoja cha afya huko kwao. Sitakitaja, kwa sababu jambo hili linaweza kutokea popote, na mtaona kwamba nami nina sehemu yangu. Kituo chenyewe hakina mashine ya kemia, hivyo damu husafirishwa. Jumatano alasiri nikapigiwa simu: potasiamu ya Mama ni 6.6. Kwa kawaida mtu huwa kati ya 3.5 na 5.1 hivi. "Mlete hospitali sasa hivi," nikaambiwa.

Kwa wasiojua, potasiamu ndiyo chumvi inayoshirikiana na umeme wa moyo. Ikipanda mno, moyo unaweza kupoteza mapigo na kusimama bila kutoa onyo. Basi tukakodi Probox, mvua ikinyesha, Mama kiti cha mbele akisema hajambo kabisa na kwamba tunaharibu pesa, mimi nyuma nikihesabu pumzi zake. Mama alikuwa sahihi. Mchoro wa moyo ulitoka mzuri. Wakamtoa damu palepale, wakaipima kabla saa moja haijaisha: potasiamu 4.4.

Tungeweza kumshukuru Mungu tukalala. Lakini kumbuka, tabibu aliyepokea ile 6.6 alikuwa amekwisha kusema dawa moja ya presha isimamishwe, kwa kuwa inajulikana kupandisha potasiamu. Dawa hiyohiyo ndiyo inayolinda figo za Mama dhidi ya sukari. Karatasi ile ile iliandika sukari ya damu 5.6, na kwa hiyo akapongezwa kwa kula vizuri. Nyumbani, asubuhi ya Jumanne, kabla ya kula chochote, kipimo chake cha kidole kilikuwa kimesoma 8.4. Namba mbili, zote zimekosea, na kila moja ingemsukuma daktari upande usiofaa.

Nikaitazama karatasi upya kama mtu anayetafuta hitilafu kwenye programu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na saa mbili. Muda wa kutolewa damu: Jumatano, 8:12 asubuhi. Muda wa kupokelewa: Jumatano, 8:12 asubuhi. Nikampigia Mama simu kumuuliza alitolewa damu lini hasa.

"Jumanne, baba. Saa moja na dakika kumi asubuhi. Hiyo saa ya Jumatano mimi nilikuwa kwa ng'ombe."

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mjomba.

Mjomba ni kaka yake Mama, mstaafu wa maabara ya hospitali moja ya wilaya. Alianza kazi miaka ya 1970. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa kumsaidia, tukaanza mbali kama ilivyo desturi yake.

Siku zake, anasema, kemia ilikuwa kazi ya macho na mdomo. Sukari ya mkojo walipima kwa dawa ya Benedict, iliyobuniwa na Mmarekani Stanley Benedict mwanzoni mwa karne ya 20. Unamimina mililita 5 za dawa ya buluu kwenye neli ya kioo, unadondosha matone 8 ya mkojo, unachemsha dakika 5. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, iko kidogo. Manjano, imepanda. Ikigeuka rangi ya tofali, mtu yuko taabani. Vipimo vya damu vilihitaji kunyonya dawa kwa pipeti ya kioo kwa mdomo, na Mjomba anakiri kwamba anajua ladha ya vitu ambavyo Mungu hakuvikusudia vinywewe.

Kisha kulikuwa na kolorimita. Kanuni yake ni rahisi: rangi ikikolea, mwanga unaopita unapungua. Unasoma mshale, unachora mstari kwenye karatasi ya grafu kwa kutumia dawa ya kiwango unachokijua, unatafuta sampuli yako inaangukia wapi. Potasiamu na sodiamu walizipima kwa moto. Majimaji ya damu yaliyozimuliwa hunyunyizwa kwenye ndimi za gesi. Sodiamu huwaka manjano, potasiamu zambarau hafifu, na mashine hupima ukali wa rangi hiyo. Gesi ikiisha, hospitali nzima haina potasiamu mpaka mtungi mwingine uje.

Siku njema, yeye na mwenzake walimaliza sampuli 30. Kila moja waliishika.

Nilimwuliza mashine kubwa zilianza lini. Huko Marekani zilianza mapema. Leonard Skeggs, mtafiti wa hospitali ya wanajeshi wa zamani huko Cleveland, alibuni mashine iliyosukuma sampuli moja nyuma ya nyingine ndani ya mrija mwembamba, huku kila moja ikitenganishwa na mwenziwe kwa viputo vya hewa. Kampuni ya Technicon iliiuza kwa jina la AutoAnalyzer kuanzia 1957. Wazo la kiputo tu, jamani! Baadaye zikaja mashine zinazompa kila mgonjwa kikombe chake kidogo na kuchagua vipimo vyake peke yake. Moto ukaondolewa, elektrodi zikachukua nafasi ya kupima chumvi. Leo mashine ya ukubwa wa meza ya ofisi hutoa mamia ya vipimo kwa saa, na hutumia mikrolita chache za damu, pungufu ya tone.

Usidhani kila kitu ndani yake ni kipya. Kreatinini, kipimo cha figo, bado hupimwa katika maabara nyingi kwa njia aliyoieleza Max Jaffe mwaka 1886: asidi ya pikriki, na rangi ya machungwa inayotokea. Mjomba anaikumbuka asidi hiyo kwa sababu nyingine. Ikikauka hulipuka, na ilikuwa zamu yake kuhakikisha chupa ina unyevu. Mashine ya kisasa ni mzee wa 1886 aliyevaa koti la plastiki.

Kitu kingine kilichodumu ni daftari la kila asubuhi. Mwaka 1950 Levey na Jennings walipendekeza chati ya kudhibiti vipimo, na kutokana nayo maabara hupima kila siku sampuli ambayo jibu lake linajulikana, na kuchora nukta kwenye chati. Nukta zikitangatanga nje ya mipaka, usimpe mgonjwa jibu lolote mpaka ujue kwa nini. Sisi waandishi wa programu tunapojisifu kwa majaribio yanayojiendesha kila tunapobadilisha msimbo, tukumbuke watu wa maabara walitutangulia kwa miongo.

"Sasa," nikamwambia, "mashine iliyopima damu ya Mama ilikuwa na hitilafu?"

"Mpwa wangu, mashine ilikuwa sawa," akasema. "Ilipima vizuri kabisa kilichokuwa ndani ya neli. Swali ni nini kilikuwa ndani ya neli."

Akanieleza. Chembe za damu hazijui kwamba zimetoka mwilini. Zikikaa kwenye neli pamoja na majimaji yake, katika joto la chumba, zinaendelea kula sukari, takribani asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Ndiyo maana kuna neli yenye kifuniko cha kijivu, ina floraidi ya kuzuia ulaji huo, na hata hiyo huchukua muda kabla haijafanya kazi sawasawa. Potasiamu nayo iko ndani ya chembe zaidi ya mara 20 kuliko nje. Kinachoizuia humo ni pampu ndogo kwenye ukuta wa chembe, nayo pampu inahitaji nguvu. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema: wakiona damu inachelewa, wanaitia kwenye barafu, kama maziwa. Baridi huilaza ile pampu, na potasiamu huvuja nje polepole.

Nilipofuatilia, safari ya damu ya Mama ilikuwa hivi. Ilitolewa Jumanne saa moja na dakika kumi asubuhi, katika neli ya kawaida. Ilikaa kwenye rafu mpaka saa nane mchana ikisubiri pikipiki. Ikatiwa kwenye kasha la barafu. Ikafika Eldoret jioni, mapokezi yamefungwa, ikalala frijini. Jumatano saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi ikaandikishwa. Saa 25. Sukari ikaliwa mezani, potasiamu ikavuja barafuni.

Lakini mashine za kisasa si zina macho? Zina. Nyingi hupima rangi ya majimaji na kutoa onyo ikiwa chembe zimepasuka na kuyafanya mekundu. Taabu ni kwamba uvujaji wa baridi haupasui chembe. Majimaji hubaki safi, ya rangi ya majani makavu, na mashine haioni neno. Hakuna kemia inayoweza kukuambia, kwa kutazama neli ile, kwamba imepita Soy na Matunda na kulala frijini. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza: saa iliyoandikwa na mtu aliyeshika sindano.

"Zamani," Mjomba akasema, "niliuliza damu imetoka lini kabla sijauliza imetoka kwa nani. Mgonjwa alikuwa wodini, nesi alikuja nayo mkononi. Ikiwa imepoa nilijua."

Nilipotafuta takwimu nikakuta wenzake walikwisha kulipima jambo hili. Mwaka 1997 Plebani na Carraro, wa Padova huko Italia, walichapisha hesabu ya makosa ya maabara ya hospitali yao. Asilimia 68 yalitokea kabla ya kupima, asilimia 13 wakati wa kupima, na asilimia 19 hivi baada ya kupima. Yaani katika kisanduku chenyewe, kile tunachokipiga picha wakati wa uzinduzi, ndimo kosa lilikuwa dogo kuliko kote.

Sasa tufike kwenye aibu yangu.

Mashine ya maabara huzungumza na kompyuta kwa itifaki iitwayo ASTM, mara nyingi kwa waya wa RS-232, ule wa pini tisa mliouona nyuma ya kompyuta za zamani. Naipenda itifaki hii kwa sababu ina adabu. Mashine ikiwa na la kusema hutuma herufi moja, ENQ. Hiyo ni hodi. Kompyuta ikijibu ACK, ndiyo karibu. Ikijibu NAK, maana yake ngoja, tuna wageni. Maneno yakiisha, mashine hutuma EOT, ikaaga. Katikati ya hodi na kwaheri zinapita sentensi kama hii:

R|1|^^^K|6.6|mmol/L||H||F

R ni jibu, K ni potasiamu, H ni kwamba liko juu, F ni kwamba ni la mwisho. Haya ni maneno machache mno kumtoa mtu nyumbani usiku.

Sentensi nyingine, ya O, hubeba habari za sampuli yenyewe. Nafasi yake ya 8 ni muda wa kutolewa mwilini. Nafasi ya 15 ni muda wa kupokelewa maabara. Waliotunga kanuni hizi walijua kwamba hizo ni saa mbili tofauti, wakaziwekea vyumba viwili.

Miaka tisa iliyopita niliandikia maabara moja ndogo programu ya kupokea majibu. Si ile iliyopima damu ya Mama. Fomu yangu ilidai muda wa kutolewa damu, na isipojazwa ilikataa kuhifadhi. Baada ya wiki moja nikapigiwa simu za malalamiko: foleni ni ndefu, karatasi kutoka vituoni hazina saa, programu yako inatuchelewesha. Nikataka kusaidia. Jioni hiyo nikaongeza mstari mmoja:

if (muda_wa_kutoa == "") muda_wa_kutoa = sasa();

Malalamiko yakaisha. Nikasifiwa. Nikalipwa.

Nilipoiona karatasi ya Mama na zile saa mbili zinazofanana hadi dakika, sikuhitaji kuuliza programu ile imeandikwaje. Mtu fulani, pengine kijana mwema kama nilivyokuwa, aliandika mstari uleule. Mtu asiyejua saa angeacha pengo, na pengo lingemfanya daktari aulize. Programu ikaziba pengo kwa uongo ulionyooka, wenye tarehe na dakika. Ni damu ngapi za Jumanne niliziita za Jumatano katika miaka hiyo tisa? Haijulikani, kwa sababu mstari wangu ulifuta ushahidi wake wenyewe. Nimelifikiria hilo usiku zaidi ya mara moja.

Nilikwenda kwenye maabara ile nikawaeleza. Sasa fomu ina majibu mawili: andika saa, au bonyeza "haijulikani". Ukibonyeza hilo, karatasi ya daktari inachapishwa hivyohivyo, na potasiamu na sukari hazitoki mpaka mtu azikague na kuweka jina lake. Zikipita saa nne tangu kutolewa kabla damu haijatenganishwa, vilevile. Kazi yote ilichukua mchana mmoja. Ilichelewa miaka tisa.

Hili linaniuma zaidi kwa sababu ya mji ninaofanyia kazi. Wengi hawajui, lakini Eldoret ina nafasi yake katika historia ya programu za hospitali. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access na kompyuta mbili. Kazi ya UKIMWI ya AMPATH ilipopanuka, Access ikaelemewa. Mwaka 2004 ikaanza kubuniwa OpenMRS, programu huria, na Februari 2006 ikaanza kutumika hapahapa Eldoret kabla ya kwenda Rwanda na Afrika Kusini. Leo inatumika katika nchi nyingi.

Kuna somo moja la kutoka huko ambalo ningelipenda kila mwandishi wa programu wa maabara alijue. Katika utafiti uliochapishwa 2011, kliniki moja ilipewa karatasi ya muhtasari inayomkumbusha mtabibu kwamba mgonjwa huyu amefikia wakati wa kupimwa CD4. Kipimo kiliagizwa kwa asilimia 53 ya wanaostahili. Kwenye kliniki isiyo na ukumbusho, asilimia 38. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Programu iliuliza swali ambalo lilikuwa likisahaulika kabla damu haijatoka. Ile yangu ilifanya kinyume: ililinyamazisha swali.

Basi ndugu msomaji, ukitoka maabara na karatasi yako, tazama zile saa mbili ndogo chini. Zikifanana kabisa na wewe unajua damu yako ilisafiri, sema. Jibu likikushtua nawe hujisikii vibaya, nenda ulikoitwa bila kukawia, lakini ukiwa huko omba lipimwe upya kwa damu mbichi kabla dawa haijabadilishwa. Na wewe mwenzangu wa kuandika programu, pekua msimbo wako leo, tafuta kila mahali ulipojaza pengo kwa sasa(). Ukiliona, nieleze ulilipata wapi. Nitafarijika kujua siko peke yangu.

Mama yuko salama na dawa yake ya figo hajaiacha. Kule kituoni tulizungumza vizuri. Wanatafuta mashine ndogo ya kuzungusha damu ili majimaji yatenganishwe kabla ya safari, na hadi ipatikane, nesi anaandika saa kwenye kila neli. Mama hakuamini, akaenda na kalamu yake. Mara ya kwanza alirudi akijivunia kwamba amehakikisha imeandikwa sawasawa: "1.10 asubuhi".

Nikamshukuru, kisha nikaanza kumweleza jinsi kompyuta itakavyoisoma saa hiyo.